Benjamin Franklin, mdhamini wa magari 150 ya jeshi

MFANYABIASHARA yeyote aliyewahi kuvuka mpaka na noti ya dola 100 ya Marekani amebeba pia picha ya mzee mwenye upara mbele na nywele ndefu pembeni. Wengi hudhani ni mmoja wa marais wa zamani wa nchi hiyo. Sivyo. Benjamin Franklin hakuwahi kuwa rais. Alikuwa mchapishaji, mkuu wa posta, mtafiti wa umeme na mwanadiplomasia. Tena kwa wiki chache za mwaka 1755 alikuwa dalali wa usafirishaji wa jeshi la Uingereza huko porini, upande wa magharibi wa makoloni ya Amerika, na kazi hiyo nusura imfilisi.

Habari zake za umeme na kishada zinajulikana. Hii ya magari na farasi husimuliwa mara chache, ingawa ndiyo inayomgusa zaidi mtu anayeishi kwa mizigo, ankara na ahadi za malipo kutoka serikalini.

Franklin alizaliwa mjini Boston Januari 17, mwaka 1706, katika familia ya mtengeneza sabuni na mishumaa aliyekuwa na watoto 17. Shule alisoma miaka miwili tu. Akiwa na miaka 12 alifungishwa mkataba wa kujifunza uchapishaji kwa kaka yake, James. Hawakuelewana, na mwaka 1723 kijana alitoroka hadi Philadelphia akiwa na fedha kidogo sana mfukoni.

Mtaji aliupata kwa kazi. Mwaka 1728 alifungua kiwanda cha uchapishaji kwa ubia, mwaka uliofuata akanunua gazeti, na kuanzia mwisho wa mwaka 1732 akawa anatoa kalenda ya mwaka iliyouzwa karibu nakala 10,000 kila msimu. Alipata pia zabuni ya kuchapisha noti za koloni la Pennsylvania. Mwaka 1737 akawa mkuu wa posta wa Philadelphia, cheo chenye mshahara mdogo lakini chenye faida kubwa kwa mwenye gazeti, maana habari na magazeti yote yalipita mikononi mwake. Mwaka 1748 alimwachia mbia wake, David Hall, uendeshaji wa kiwanda kwa makubaliano ya kugawana faida kwa miaka 18. Alikuwa na miaka 42.

Mwaka 1753 aliteuliwa pamoja na mwenzake kusimamia posta ya makoloni yote. Posta hiyo haikuwa imewahi kuleta faida. Katika miaka minne ya kwanza wasimamizi hao wawili waliweka fedha zao kutengeneza huduma hadi ofisi ikawa inadaiwa nao zaidi ya pauni 900, ndipo ikaanza kurudisha. Inafaa kuikumbuka tabia hii ya kutanguliza fedha zake kwa ajili ya kazi ya serikali, kwani ndiyo iliyomwingiza matatani.

Mapema mwaka 1755 Uingereza ilimtuma Jenerali Edward Braddock na vikosi viwili kwenda kuwaondoa Wafaransa katika ngome ya Duquesne, mahali mito ya Allegheny na Monongahela inapokutana na kuufanya mto Ohio. Leo mahali hapo ni mji wa Pittsburgh. Aliyeishika ngome ile aliishika biashara ya ngozi na njia ya maji ya bonde zima.

Tatizo la Braddock halikuwa askari bali chakula. Kutoka kituo cha mwisho cha Wills Creek hadi ngome ya adui kulikuwa na zaidi ya kilometa 160 za misitu na milima. Hapakuwa na soko wala shamba la kununua unga, na barabara yenyewe ilibidi ikatwe kwa shoka wakati jeshi likisonga. Kila kitu kilipaswa kubebwa, na farasi anayebeba naye anakula. Kadiri safari inavyorefuka ndivyo sehemu kubwa zaidi ya mzigo inavyoliwa na wabebaji. Hesabu hiyo kila mwenye lori anaifahamu, isipokuwa siku hizi inaitwa dizeli.

Makoloni ya Virginia na Maryland yalikuwa yameahidi magari, yaani mikokoteni mikubwa ya magurudumu manne inayovutwa na farasi wanne. Braddock alipofika Frederick, Maryland, aliletewa hesabu ya magari yaliyopatikana. Yalikuwa 25 tu, na baadhi hayakufaa kwa safari. Mahitaji yalikuwa yasiyopungua 150. Maofisa wakatamka kuwa safari imekufa, wakaanza kuwalaumu mawaziri wa London kwa kuwateremsha katika nchi isiyo na usafiri.

Franklin alikuwapo. Bunge la Pennsylvania, lililotawaliwa na Wakweka wasiopenda vita, lilikuwa na habari kwamba jenerali analichukia, likamtuma Franklin akamtulize kwa kisingizio cha kupanga usafirishaji wa barua za jeshi. Alikwenda na mwanawe William, akawa anakula na jenerali kila siku. Aliposikia habari ya magari alisema tu kwamba ni bahati mbaya jeshi halikuteremkia Pennsylvania, ambako karibu kila mkulima ana gari lake. Braddock hakulipoteza neno hilo. Kama unaweza kuyapata, akamwambia, yatafute wewe.

Aprili 26, mwaka 1755, akiwa mjini Lancaster, Franklin alitoa tangazo kwa wakazi wa wilaya za Lancaster, York na Cumberland. Masharti yake yangeweza kusomwa na msafirishaji wa leo bila kuhitaji mkalimani. Gari lenye farasi wanne wazuri na dereva lingelipwa shilingi 15 kwa siku. Farasi wa mizigo mwenye tandiko shilingi 2, asiye na tandiko pensi 18. Malipo yangeanza siku ya kujiunga na jeshi Wills Creek, ambako walitakiwa kufika kabla au ifikapo Mei 20, na muda wa kwenda na kurudi ungefidiwa kwa kiasi cha haki. Kila gari na kila farasi vingethaminiwa na watu wasio na upande, ili kikipotea kazini mwenyewe alipwe thamani hiyo. Malipo ya awali yalikuwa ya siku saba, taslimu. Dereva hangelazimishwa kufanya kazi ya askari. Nafaka ya farasi itakayobaki ingenunuliwa na jeshi kwa bei nzuri.

Tangazo liliambatana na barua iliyowapigia wakulima hesabu. Kama kazi ingeendelea siku 120, kukodi magari 150 na farasi 1,500 kungeleta zaidi ya pauni 30,000 za dhahabu na fedha wilayani. Tumeirudia hesabu hiyo. Magari peke yake, kwa pauni moja yenye shilingi 20, yanafanya pauni 13,500. Farasi 1,500 kwa shilingi 2 wanafanya 18,000. Jumla 31,500. Hakuwadanganya kwa tarakimu.

Aliwatisha, hata hivyo. Barua iliwaambia kwamba magari yasipopatikana kwa hiari ndani ya siku 14, ofisa wa ugavi Sir John St. Clair angeingia wilayani na askari kuyachukua kwa nguvu, na akamwita hussar. Wengi wa wakulima wale walikuwa Wajerumani, na kwao neno hilo lilikuwa na maana ya askari wapanda farasi waporaji wa Ulaya. Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, hapo Franklin alivuka mstari kati ya biashara na shuruti, ingawa ni kweli kwamba jeshi lingeweza kabisa kufanya alivyosema.

Wenye magari nao hawakuwa wajinga. Walimwambia hawamjui Braddock wala hawajui ahadi yake ina uzito gani, wakamtaka yeye wanayemjua aweke sahihi. Akaweka. Kuanzia siku hiyo hati za dhamana za magari na farasi wote zilikuwa na jina la mtu mmoja, raia asiye na cheo jeshini, ambaye hakuchukua kamisheni yoyote.

Jenerali alikuwa amempa pauni 800 za malipo ya awali. Hazikutosha, na Franklin akaongeza zaidi ya 200 zake. Katika wiki mbili magari 150 na farasi wa mizigo 259 walikuwa njiani kuelekea kambini. Ukichukua viwango vya tangazo, siku saba za magari hayo na farasi hao zinakaribia pauni 970, kwa hiyo fedha alizozitaja zinaingia vizuri.

Kulikuwa na shehena nyingine ndogo. Kanali Dunbar alikuwa amemweleza kwamba maofisa wa vyeo vya chini hawana uwezo wa kununua vitu vya safari katika nchi yenye bei kali. Franklin aliliomba bunge fedha, na William, aliyewahi kuishi kambini, akaandika orodha. Vikafungwa vifurushi 20, kila kimoja mgongoni mwa farasi wake. Kimoja kilikuwa na ratili 6 za sukari nyeupe ya mabonge na 6 za sukari ya kahawia, ratili 2 za majani ya chai ya aina mbili, kahawa iliyosagwa ratili 6 na chokoleti ratili 6. Kulikuwa na biskuti nyeupe nusu kwintali ya Kiingereza, pilipili manga, siki, haradali, jibini zima, pipa la siagi la ratili 20, mchele, zabibu kavu, mapaja mawili ya nguruwe yaliyokaushwa na ndimi sita zilizokaushwa, pamoja na chupa 24 za mvinyo wa Madeira na galoni 2 za ramu ya Jamaica. Farasi naye alikuwa sehemu ya zawadi. Ukitazama orodha hiyo unaona biashara ya dunia ya wakati ule ikiwa juu ya mgongo mmoja: chai ya China, sukari na ramu za visiwa vya Karibi vilivyolimwa na watumwa, mvinyo wa Ureno, jibini la Gloucester.

Braddock alifurahi, akamrudishia fedha alizotanguliza, kisha akamwomba aendelee kumtumia chakula. Franklin akaendelea, akiweka fedha zake hadi zikapita pauni 1,000. Alipeleka hesabu. Siku chache kabla ya mapigano jenerali alimjibu kwa hati ya kuchukua kwa mweka hazina wa jeshi pauni 1,000 kamili, salio likisubiri hesabu itakayofuata.

Hesabu hiyo haikuja. Julai 9, mwaka 1755, sehemu ya mbele ya jeshi, watu wapatao 1,300, ilikutana na Wafaransa na wenyeji asilia wa Marekani karibu na mto Monongahela. Franklin alikuwa amemwonya Braddock kwamba msafara wake mwembamba wenye urefu wa karibu maili nne ungeweza kukatwa vipande kama uzi, na jenerali akatabasamu kwa kutojua kwake mambo ya vita. Karibu theluthi mbili ya watu hao waliuawa au kujeruhiwa. Braddock alijeruhiwa, akafa Julai 13. Mmoja wa wasaidizi wake waliopona alikuwa George Washington, rais wa kwanza wa baadaye.

Madereva walifanya ambalo dereva yeyote asiye na bunduki angefanya. Kila mmoja alifungua farasi mmoja katika wanne wake, akampanda na kukimbia. Magari, chakula, mizinga na akiba zote zikabaki. Miongoni mwa madereva wa safari hiyo alikuwamo Daniel Boone, ambaye baadaye alipata sifa ya kufungua njia ya kwenda Kentucky. Waliokimbia walipomfikia Dunbar, aliyekuwa nyuma na sehemu kubwa ya mizigo, hofu yao ilimwambukiza na yeye. Aliamuru akiba na risasi ziharibiwe ili apate farasi wengi zaidi wa kurudi, ingawa jeshi lililobaki lilikuwa bado kubwa kuliko la adui.

Huko Philadelphia, kabla habari hazijafika, madaktari wawili walikuwa wakichangisha fedha za fataki za kushangilia ushindi. Franklin aliwashauri wangoje kwanza. Fataki hazikununuliwa.

Kisha wenye magari wakaja. Gari limepotea, farasi wamepotea, na hati ya thamani ina sahihi ya Franklin. Madai yalikaribia pauni 20,000, kiasi ambacho kingemaliza mali yake yote. Aliwaeleza kwamba fedha ziko kwa mweka hazina wa jeshi, ila amri ya kuzitoa lazima itoke kwa kamanda mpya, Shirley, na kwamba ameshamwandikia. Shirley alikuwa mbali na majibu yalichelewa. Baadhi hawakungoja, wakaanza kumshitaki mahakamani. Msafirishaji aliyewahi kuambiwa kwamba hundi yake inasubiri sahihi ya mkubwa aliye safarini hatawashangaa wakulima wale, wala hatamshangaa mdhamini aliyekosa usingizi.

Hatimaye Shirley aliteua makamishna wa kupitia madai na kuamuru yalipwe. Kilichomwokoa Franklin, pamoja na Shirley mwenyewe, ni ule uthamini uliofanywa kabla magari hayajaondoka. Makamishna hawakuhitaji kubishana na kila mkulima farasi wake alikuwa mnene kiasi gani. Thamani ilikuwa imeandikwa.

Majira ya baridi yaliyofuata alirudi mpakani, safari hii akiwa kamanda. Kijiji cha Gnadenhütten kilikuwa kimechomwa katika mashambulizi yaliyofuata kushindwa kwa Braddock, na gavana akampa Franklin kazi ya kujenga ngome upande wa kaskazini-magharibi. Alikuwa na miaka 50, hajui uaskari, chini yake watu 560. Ngome ya Allen ilijengwa Januari 1756 kwa kama wiki moja, mzunguko wake futi 455, ikizungukwa na magogo idadi hiyo hiyo yenye unene wa futi moja. Watu wake walikuwa na shoka 70. Ili kuvuta magogo waliyavua magari mabodi yake, wakatenganisha magurudumu ya mbele na ya nyuma, wakapata vigari 10 vya farasi wawili wawili. Mafundi wetu wa gereji za barabarani wangeielewa kazi hiyo mara moja.

Huko alijifunza jambo juu ya chakula cha askari. Siku walizofanya kazi watu walikuwa wachangamfu. Siku za mvua, walipokaa bure, waligombana na kulalamikia nyama na mkate, ingawa chakula kilikuwa kile kile. Kila askari alikuwa ameahidiwa ramu kidogo kila siku. Kasisi wa kikosi aliponung'unika kwamba hawahudhurii sala, Franklin alimshauri awe yeye mgawaji wa ramu, na aigawe baada ya sala. Mahudhurio yakawa kamili.

Kuhusu lile salio, alilipeleka kwa kamanda aliyefuata, Lord Loudoun, mjini New York mwaka 1757, alipokuwa akingoja meli ya London iliyocheleweshwa wiki nyingi kwa sababu Loudoun alikuwa hajamaliza kuandika barua zake. Ofisa alilinganisha kila kipengele na stakabadhi na kukuta hesabu ni safi. Loudoun akaahidi hati ya malipo, akaahirisha, kisha akakataa kuchanganya hesabu zake na za waliomtangulia. Akamwambia aidai London. Franklin aliposema kwamba ni haki alipwe bila usumbufu zaidi, kwani hakuchukua kamisheni, Loudoun hakuamini. Alimjibu kwamba wao wanajua vizuri jinsi kila anayelilisha jeshi anavyopata njia ya kujaza mifuko yake. Sehemu kubwa ya habari hizi tunaipata kwa Franklin mwenyewe, aliyekuwa hodari wa kujieleza vizuri, lakini mwaka 1788, miaka 33 baada ya mapigano, alikuwa bado anaandika kwamba salio hilo halijalipwa.

Maisha yake yaliyobaki yanajulikana. Aliishi London kwa miaka mingi akiyawakilisha makoloni, akafukuzwa kwenye usimamizi wa posta mwaka 1774, akarudi nyumbani na kutia sahihi Tangazo la Uhuru mwaka 1776. Mwanawe William alibaki upande wa mfalme na wawili hao hawakupatana tena. Ufaransani, kuanzia mwisho wa mwaka 1776, kazi yake ilikuwa tena kutafutia jeshi fedha na silaha. Mkataba wa mwaka 1782 ulitaja mikopo ya mfalme wa Ufaransa ya livre milioni 18. Alimiliki watumwa na gazeti lake lilitangaza mauzo yao. Uzeeni aligeuka, akaongoza chama cha kupinga utumwa, na Februari 1790 akatia sahihi ombi kwa Bunge la Marekani la kuukomesha.

Alifariki Philadelphia Aprili 17, mwaka 1790, akiwa na miaka 84, na watu wapatao 20,000 walijitokeza katika mazishi. Katika wosia aliiachia Boston na Philadelphia pauni 1,000 kila mji, zikopeshwe kwa mafundi vijana waliooa, wenye umri chini ya miaka 25, kwa riba ya asilimia 5. Mkopo haukupaswa kuzidi pauni 60, na ulirejeshwa sehemu ya kumi kila mwaka. Mifuko hiyo ilidumu hadi miaka 200 ilipotimia, mwaka 1990. Kwa sharti alilolitaja mwenyewe, kila mkopaji alipaswa kuleta raia wawili wa kuaminika waliokubali kuweka sahihi zao kama wadhamini.